Wazazi wa Kuazima

— Babu, hilo neno halisemwi siku hizi!

Emilian alifoka mpaka chai ikamwagika. Mzee Hhando, mwenye miaka themanini na tatu, akabaki anamshangaa mjukuu wake.

— Nimesema nini? Nimeuliza tu, huyu mchumba wako Mmang'ati ameshakula?

— Ni Mdatoga, babu! Hilo jina ni la Kimasai, maana yake adui. Zamani kila mtu alilisema, mpaka walimu darasani. Sasa hivi ni tusi.

— Nimekula babu, asante, Udaghwenga alijibu taratibu.

Siku ile alimpenda Emilian mara mbili. Shule ya msingi aliitwa jina hilo mpaka akaacha kunyoosha kidole darasani. Leo ni afisa mifugo, na amepata mwanaume wa Kiiraqw anayemtetea mbele ya wazee. Emilian alikuwa mwongoza watalii, na hata wageni aliwasahihisha: semeni Datoga.

Wiki mbili kabla ya harusi, Udaghwenga alikuwa Kakesio akichanja ng'ombe. Alipopanda kilimani kutafuta mtandao, ukaingia ujumbe wa Cresensia, dada yake Emilian:

"Wifi, kadi zimetoka! Nzuri balaa!"

Akafungua picha. Akasoma: "...harusi ya kijana wao Emilian na Eva, binti wa Bw. na Bi. Clemensi wa Arusha."

Eva lilikuwa jina lake la ubatizo. Lakini hakumjua Clemensi yeyote. Baba yake anaitwa Gidamis, anafuga kule Eyasi. Akapiga simu.

— Emi, Clemensi ni nani?

Akasikia Emilian akifunga mlango.

— Emi!

— Ni rafiki wa bosi wangu. Yeye na mkewe watakaa kama wazazi wako. Siku moja tu, mpenzi.

— Wazazi wangu wako hai!

— Najua. Na unajua ninavyowaheshimu Wadatoga, ni jamii yenye utamaduni wa kipekee. Ila fikiria, mama yako na zile chale kuzunguka macho, lile vazi la ngozi... Mabosi wote wa lodge yetu ya watalii watakuwepo. Tukishafunga ndoa tutawafanyia sherehe ya kijadi, kulekule kwao.

— Jumanne si uliwapeleka wageni kwa mama yangu wakampiga picha?

— Ile ni kazi.

— Kwa hiyo kwenye picha za watalii anafaa, kwenye za harusi yangu hafai?

— Usinigeuzie maneno! Umewahi kunisikia hata siku moja nikikuita lile jina?

Udaghwenga akaitazama pete kidoleni.

— Hapana, Emi. Hujawahi.

Akakata simu.

Kesho yake alifika Karatu, kwa akina Emilian, akaivua pete na kuiweka mezani mbele ya familia nzima. Mama yake Emilian hakuinua macho.

— Binti yangu, hakuna aliyekutukana hapa, alisema. Sisi tunaheshimu jamii zote.

Mzee Hhando ndiye pekee aliyesimama.

— Kwani baba yake yule Mmang'ati haji? Mimi nilitaka nikae naye.

— Babu, neno! Emilian akafoka.

Neno lilimchoma Udaghwenga vilevile kama utotoni. Lakini katika nyumba ile nzima, aliyelitamka ndiye peke yake aliyemuulizia baba yake. Hakujua amchukie nani zaidi. Akatoka.

Emilian alimkimbilia mpaka barabarani.

— Eva! Nitachapisha kadi nyingine, basi!

— Mimi siitwi Eva.

Akapanda bodaboda kwenda stendi. Kabla hawajafika, simu ikaita. Ni baba yake, sauti imejaa furaha.

— Mwanangu, nimenunua koti, na mama yako nimemnunulia viatu. Sasa hebu tuelekeze, tusije tukakuaibisha. Kwenye harusi za mjini wazazi wa binti wanakaa upande gani?

Udaghwenga alifumba macho. Upepo wa barabarani ukamkausha machozi kabla hayajafika shavuni.

— Kaeni nyumbani, baba. Nakuja mimi.