Kokwa za Parachichi Juu ya Makaa

Kwacha! Kwacha! Kwacha!

Sauti ilitoka nyuma ya jiko. Joanita alitua ndoo ya maji, akaenda mbio. Alimkuta mumewe, Meshaki, anageuza kokwa za parachichi juu ya bati. Chini ya bati makaa yalikuwa mekundu.

"Baba Agneta! Unazikaanga?"

"Ninaziamsha," Meshaki alijibu kwa majivuno, akionyesha michikichi yake iliyolizunguka jiko. "Mbegu ya mungazi haioti bila joto. Nani hapa Kizuka hajui mingazi yangu?"

Joanita aliokota kokwa moja. Ilikuwa imepasuka, kavu, nyepesi kama ganda. Machozi yalimlenga. Maparachichi hayo yalitoka Kasulu, Tanzania, walikoishi ukimbizini kabla ya kurudi Burundi. Marehemu mama yake ndiye aliyeupanda mti. Sasa upepo ulikuwa umeuangusha, na kaka yake alimtumia matunda ya mwisho. Kikapuni yalibaki matatu tu.

"Haya matatu huyagusi!" alisema. Kisha akaita, "Hadija! Jirani, njoo uone!"

Hadija alikuwa akiotesha miche ya matunda na kuiuza sokoni Rumonge. Alifika, akaliona bati, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Amahoro, mufalme wa mingazi! Leo unapika kokwa? Na chumvi iko wapi?"

"Cheka tu," Meshaki alinung'unika. "Nilitaka kumufurahisha muke wangu."

Hadija aliacha kucheka. "Nia yako iko nzuri, shemeji. Lakini mungazi na avoka, kila mumoja na tabia yake. Kokwa ya avoka ikikauka, imekufa. Inapandwa ingali mbichi."

Basi walikula yale matatu palepale. Joanita aliosha kokwa taratibu, bila kuzikwaruza. Meshaki alikata bidoni kuukuu, madumu ya mawese, akayasugua kwa sabuni mpaka mafuta yakatoka, akatoboa matundu chini. Hadija alichanganya udongo, mbolea iliyooza na mchanga kidogo.

"Upande mupana chini, ncha juu," alisema. "Ncha ichungulie kidogo. Weka kivulini. Udongo uwe na unyevu, usiwe matope."

"Na matunda yatakuwa kama yale ya mama?" aliuliza Joanita.

Hadija hakumdanganya. "Pengine hapana. Muti wa kokwa haufanani na mama yake kwa kila kitu. Tena utangoja miaka mingi."

"Hata mimi sifanani na mama kwa kila kitu," alisema Joanita. "Lakini mimi ni wake."

Kokwa moja ilioza. Mbili zilichipua. Meshaki alizimwagilia kila asubuhi, huku akijifanya anapita tu.

Mvua zilipoanza, miche ilikuwa imefika magotini. Hadija alikuja kuitazama.

"Sasa inataka ardhi na jua," alisema. "Lakini hapa mingazi imefunga mbingu."

Joanita alijua jinsi mumewe alivyoipenda mingazi yake.

Meshaki aliutazama mungazi wa kando ya jiko, mrefu kuliko yote, ule aliowaonyesha wageni wote. Aliupiga kofi shinani, kama mtu anayemuaga rafiki. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Agneta, nakuahidi mbele ya jirani yetu. Kesho asubuhi ninauangusha huu. Muti wa mama yako utasimama hapa, kwenye jua."