Sanduku la Sirisha

Asubuhi hiyo mjini Tenali, kusini mwa India, nyumba ya Nagamani ilinukia pilipili na mafuta ya ufuta. Nagamani alikuwa jikoni akijaza achari ya embe kwenye chupa. Mumewe Subbarao, muuza mchele, alikuwa ameleta mizani ya dukani hadi sebuleni. Binti yao Sirisha alikaa sakafuni mbele ya sanduku lililo wazi, hajui aanzie wapi.

Keshokutwa angepanda ndege kwenda Melbourne, Australia, kusomea uhandisi wa maji. Viza ilipotoka, nyumba nzima ilifurahi. Kisha ukaja ushauri. Mjomba alisema abebe sufuria, kwani kule ni ghali. Rafiki alisema asibebe kitu, kule kila kitu kipo. Wakala wa safari alisema vyeti vikae chini kabisa ya sanduku visikunjike. Kijana mmoja kwenye simu alisema chakula chote kinakamatwa, mwingine akasema hakuna anayekagua. Sirisha aliwasikiliza wote, na kila siku alizidi kuchanganyikiwa.

"Weka achari," mama yake alisema.

"Mama, nimesikia hairuhusiwi."

"Umesikia kwa nani? Huyo ndiye atakayekupikia?"

Subbarao aliinua sanduku akaliweka kwenye mizani. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, unakwenda kusoma au unahama na jiko?"

Hapo akaingia jirani yao, Mama Kishore, na furushi la kitambaa lililoshonwa pande zote. Tenali ndivyo ilivyo. Mtu akisafiri nje, amesafiri kwa niaba ya mtaa mzima, na kukataa furushi la jirani ni kumfungia mlango usoni.

"Ni kidogo tu, mpelekee mwanangu Kishore huko Melbourne," alisema. "Tangu aende huko hajala kitu cha mkono wangu."

"Kuna nini ndani, shangazi?"

"Vitu vya nyumbani."

Sirisha aliona haya kuuliza tena. Nagamani alilipokea kwa mikono miwili, akalikandamiza sandukuni.

Jioni alikuja Prasuna, binti wa nyumba ya pili. Yeye alisoma Melbourne, akapata kazi huko, na sasa alikuwa likizo kwa wazazi wake. Alilitazama sanduku.

"Ulipanga mwenyewe?"

"Tulipanga wote, dada."

"Basi hakuna anayejua kilichomo."

Akaomba Mama Kishore aitwe na furushi lifumuliwe mbele yake. Ndani mlikuwa na peremende za maziwa, mizizi mibichi ya manjano yenye udongo, mbegu za mboga na mfuko wa unga wa kahawia usio na jina.

"Huo unga ni nini, shangazi?" Prasuna aliuliza.

"Dawa ya mgongo. Na mbegu ni za mboga anayoipenda, aipande huko."

"Mbegu hawaruhusu, wala manjano yenye udongo. Wanaogopa wadudu na magonjwa yasiingie mashambani mwao. Na unga huu, Sirisha akiulizwa atasema nini? Akikutwa navyo bila kuvitaja, hawatasema ni vya Mama Kishore. Watasema ni vyake. Watamtoza faini, na wanaweza kumfutia viza wakamrudisha nyumbani."

Sirisha aliutazama ule unga. Kumbe masomo yote yangeweza kuishia pale uwanja wa ndege, kwa mfuko ambao hata hakuufungua.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayetaka mtoto wa watu afukuzwe?" Mama Kishore alisema. Akakusanya vitu vyake, akatoka bila kuaga.

"Umeona sasa?" Nagamani alimgeukia Prasuna kwa hasira. "Kesho nitamtazama vipi?"

Ni Subbarao aliyejibu. "Mama Sirisha, mimi nauza mchele. Mwaka ule gunia moja lenye fukusi lilitumalizia ghala zima. Hao watu wana haki ya kuogopa."

"Na achari je?" Sirisha aliuliza. "Mmoja anasema hivi, mwingine vile. Mimi nimechoka, dada."

"Waache wote. Soma tovuti ya serikali yao, ndiyo inayojua. Kisha beba kidogo, ifungwe vizuri, na kwenye karatasi ya forodha useme una chakula. Wakiikubali, utakula. Wakiikataa, wataichukua. Aliyetaja hana kosa. Ukiwa na shaka na kitu, kitaje."

Usiku ule Sirisha alisoma tovuti hiyo, kisha akatoa kila kitu, akapanga upya kwa mikono yake. Vyeti na barua ya chuo alivitia kwenye begi la mkononi, maana sanduku huweza kupotea. Dawa zake za pumu aliziacha kwenye paketi zake, pamoja na barua ya daktari ya Kiingereza. Chupa moja ya achari na peremende za maziwa alizopewa na bibi yake alizifunga vizuri ili azitaje; sufuria ya mjomba ilibaki.

Kesho yake Mama Kishore alirudi. Mkononi alikuwa na shati jipya la Kishore, halijafungwa kwa chochote. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kagua mfuko wa shati," alisema.

"Shangazi, nakuamini."

"Kagua. Usije ukalia huko kwa ajili yangu."

Sirisha alitia mkono mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu. Alilikunja shati vizuri akaliweka juu ya nguo zake, na Nagamani akamvuta jirani yake jikoni wanywe kahawa.

Kwenye uwanja wa ndege wa Melbourne, afisa alisoma karatasi yake ya forodha, alikoandika kuwa ana chakula, akamwambia afungue sanduku. Aliigeuza chupa ya achari mara mbili, akairudisha. Peremende za bibi alizitupa pipani. Sirisha aliumia, lakini hakuogopa.

"Sanduku hili umelipanga mwenyewe?" afisa aliuliza. "Unajua kila kilichomo?"

Sirisha alimtazama usoni.

"Ndiyo," alisema. "Nakijua chote."

"Karibu," afisa alisema, akamwonyesha mlango wa kutokea.