Honi Tatu Kabla ya Gati

Walipoinua turubai ili washushe saruji, walimkuta Bwana Carlton Hadaway amelala chali kati ya mifuko, macho wazi, mguu mmoja hauna kiatu. Mwenye feri alikuwa amesafiri ndani ya feri yake kama mzigo. Sisi wa kisiwa cha Petit Morel tulisafiri hivyo miaka yote, na hakuna gazeti lililoandika.

Gati lilijaa watu. Hakuna aliyelia.

Inspekta Ianthe Roache alifika kwa boti ya doria kutoka kisiwa jirani cha Union, akiwa na Koplo Dexter Quow na daktari aliyekuwa bado anatafuna mkate wake. Petit Morel haina kituo cha polisi. Daktari pia haina. Hata gati, mawaziri wakuu watatu waliliahidi kwa zamu zao, kisha likajengwa na wanawake kwa mawe waliyobeba vichwani. Jiwe la ufunguzi lina jina la waziri.

Daktari alichuchumaa kando ya maiti.

"Shingo imevunjika. Kuna jeraha kisogoni. Mwili ndio kwanza unaanza kukakamaa. Alikufa njiani, baada ya feri kuondoka kisiwa cha Canouan."

"Alianguka?"

"Kuanguka, alianguka. Lakini maiti hajifuniki turubai, Inspekta."

Ngazi ya chuma ilishuka kutoka chumba cha usukani hadi sitaha ya mizigo. Kwenye kidato cha chini kabisa palikuwa na damu na nywele chache za mvi. Kiatu kilikuwa kimekwama juu, kidato cha tatu. Inspekta aliagiza vipigwe picha na sampuli zichukuliwe. Alipogeuka, Koplo Quow alikuwa tayari ameshamtia mtu pingu.

Mtu huyo alikuwa Kelroy Bynoe, baharia wa sitaha, ndevu zimeshachanganyika mvi, amekaa juu ya nguzo ya kufungia feri kama mbuzi aliyeletwa mnadani.

"Mbona umemfunga huyu?"

"Afande, ndiye wa kwanza kuiona maiti. Na asubuhi kule bandari ya Kingstown marehemu alimzaba kofi mbele ya abiria. Mashahidi kibao."

"Kofi la nini?" Inspekta alimuuliza Kelroy mwenyewe.

"Nilipakia jokofu la bibi mmoja wa hapa. Bosi akasema feri yake haibebi takataka za Petit Morel."

"Ukafanya nini?"

"Nikaokota kofia yangu."

"Hukukasirika?"

"Afande, ningekuwa naua kila anayenikasirisha, samaki wangekosa pa kuogelea."

Mtu mmoja katika umati alicheka. Koplo akavuta pingu. Polisi wetu ndivyo walivyo: wakimpata maskini karibu na maiti, wanahesabu kazi imekwisha, wanaulizia chakula.

Lakini Inspekta Roache alikuwa anautazama umati. Wanaume walishika kofia mikononi. Wanawake walijifunga vitambaa vyeupe kichwani, vimenyooshwa kwa pasi hadi mikunjo inakata. Wanaume wanne walisimama mbele na fito za kubebea jeneza, na mchimba kaburi alikuwa na chupa yake ya ramu kwapani. Watu hawa hawakukimbilia tukio. Walikuja kupokea msiba.

Alimwendea mama mmoja mnene, Ma Verna Cato, aliyesimama mbele ya wanawake.

"Mama, kitambaa hicho umekivaa saa ngapi?"

"Feri ilipokuwa nyuma ya rasi."

"Maiti ilionekana baada ya feri kufunga kamba. Nani alikwambia kuna msiba?"

Ma Verna alimpima kwa macho kutoka viatu hadi kofia.

"Wewe ni wa Kingstown, eh?"

"Ndiyo, mama."

"Unasikika. Sikiliza, mwanangu. Feri ikiwa na maiti, ikifika nyuma ya rasi inapiga honi tatu ndefu. Sisi tunavaa, tunashuka. Maiti haingii Petit Morel kama kreti ya bia."

"Na leo ilipiga?"

"Unadhani nilivaa hivi kupokea saruji?"

"Mlijua aliyekufa ni nani?"

"Tulidhani ni mzee Ezekiel, yuko hospitali kule kwenu. Kumbe ni huyu." Alisonya. "Nimepiga pasi bure."

Inspekta alirudi kwa Kelroy.

"Honi ilipolia, ulikuwa wapi?"

"Mbele kabisa, na kamba mkononi. Waulize abiria."

"Ulifikiri nini ulipoisikia?"

Kelroy alitazama pingu. "Nilifikiri kuna jeneza ambalo sikulipakia mimi. Tulipofunga kamba, nikaenda kufunua turubai."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza, afande. Mliniuliza habari za kofi."

"Kamba ya honi iko wapi?"

Kelroy aliinua macho kwenye chumba cha usukani. Hata mtoto wa Petit Morel anajua iko wapi. Inspekta alipanda ngazi, akiruka kidato chenye kiatu.

Kepteni Elford Snagg alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha juu, mikono magotini. Injini ilikuwa imezimwa. Juu ya kichwa chake ilining'inia kamba nyeusi kwa jasho la viganja.

"Kepteni, nani alipiga honi?"

"Mimi."

"Kwa ajili ya nani?"

Mzee aligeuza kichwa. Kupitia dirishani alimwona Kelroy juu ya nguzo, na Koplo akimsimamia.

"Yule bwana mtoeni pingu."

"Nipe sababu."

"Unayo. Umepanda nayo ngazi."

Inspekta alivua kofia, kisha akaivaa tena. Akampa onyo la kisheria: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani.

"Andika," Kepteni alisema. "Andika vizuri, maana wenzako wakiandika habari zetu huwa wanafupisha."

Akaanza.

"Alipanda huku tulipoiacha Canouan. Akaniambia kuanzia Jumatatu feri haisimami tena Petit Morel. Hoteli inaitaka kwa wageni wake. Akanipiga bega. 'Elford, wewe usiwe na wasiwasi, kazi yako ipo.' Nikamwambia, Bwana Hadaway, mimi nina kaburi kule. Akacheka. Akasema makaburi hayakati tiketi."

"Halafu?"

"Alikuwa amesimama hapo ulipo wewe, mgongo kwenye ngazi. Nilimsukuma kwa mkono mmoja. Ngazi ikamalizia."

"Nani alishika usukani wakati unamficha?"

"Nilifunga gurudumu kwa kamba. Bahari ilikuwa shwari, abiria wote wapo nyuma na muziki wao."

"Kaburi la nani, Kepteni?"

"Coralie. Binti yangu." Alitazama bahari. "Ilikuwa Pasaka ya mwaka juzi. Uchungu ulimshika, mtoto amelala mkingamo. Mkunga akaita kwa redio, feri ije imchukue. Feri ilikuwa imekodiwa na watu wa harusi. Tulikuwa tunazunguka tu, afande, hatuendi kokote, wanapiga picha. Niliisikia sauti ya mkunga kwa masikio yangu. Hadaway alikuwa kando yangu na bilauri yake. Akasema wageni hawajakata keki. Akazima redio."

"Na wewe?"

"Nikaendelea kuzunguka."

Nje, chini ya dirisha lililo wazi, mtu gatini alikohoa. Inspekta aliacha kuandika.

"Walimpakia kwenye boti ya uvuvi ya Ezekiel. Hawakufika nusu ya njia ya Union. Wakamrudisha yeye na mtoto, wamefunikwa nyavu. Boti ya uvuvi haina honi. Hakuna aliyevaa kitambaa, hakuna aliyeshuka gatini. Mtu akipita angedhani ni samaki."

"Kepteni, nikuulize kitu kimoja." Inspekta alisogea karibu. "Ungenyamaza, ningeondoka na Kelroy. Kwa nini umpigie honi mtu kama huyu?"

"Unadhani nilikusudia? Miaka thelathini nimebeba maiti wa visiwa hivi. Rasi inatokea, maiti yuko ndani, mkono unakwenda wenyewe. Nilipoisikia ya kwanza ndipo nilipojua nimejiumbua."

"Ungeishia hapo. Honi moja si kitu."

"Ningeweza."

"Sasa ya pili na ya tatu?"

Mzee aliinua macho, akaitazama kamba.

"Hizo nilimpigia Coralie."

Inspekta alimfunga pingu kwa mbele, ili aweze kushika reli akishuka. Kabla ya kutoka, Kepteni aliomba jambo moja: avute kamba kwa mara ya mwisho. Inspekta alikataa. Alisema ni kielelezo. Akamwita Koplo Quow, Koplo akaikata kamba kwa kisu, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kubandika namba. Hivyo ndivyo serikali ilivyokumbuka kuchukua kitu Petit Morel.

Kelroy alifunguliwa. Hakuna aliyemwomba radhi.

Mzee alipopita gatini, kofia zote zilikuwa bado mikononi. Ma Verna alikiweka sawa kitambaa chake, akamgeukia Inspekta.

"Basi sikupiga pasi bure," alisema.

Mahakama ilimpa Elford Snagg kifungo kirefu kuliko umri uliombakia. Magazeti ya Kingstown yalimwita Hadaway mfadhili wa visiwa vidogo. Jina la Coralie lilitokea mara moja, limekosewa.

Jumatatu ilifika, na neno la marehemu likatimizwa neno kwa neno. Feri ina kepteni mpya sasa. Inapita mbali, nje ya mwamba, imejaa wageni wa hoteli, na wengine hutupungia mkono. Maiti wetu wanarudi nyumbani kwa boti za uvuvi, chini ya nyavu. Tunawajua wakishafika.