Jina la Munir Safarini Kwenda Mshtarii

Jumamosi asubuhi Hamdiya alikuwa akikunja nguo nyumbani kwake katika mtaa wa Alief, Marekani. Binti yake Jannat, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa akiandika mezani. Wawili hao hawakuwa wakizungumza sana tangu Munir, baba yake Jannat, alipofariki mwaka uliopita.

Hamdiya alichungulia daftari. Akasoma: "Baba yangu yuko safarini kwenda Mshtarii."

Aliingiwa na hofu. Huenda msiba umemzidi mtoto. Akalichukua daftari, akampelekea jirani yake Heritier, Mkongomani anayefundisha sayansi.

Heritier alisoma polepole.

"Mama Jannat, mtoto ni mzima. Kuna chombo cha angani kilichorushwa kutoka Florida mwaka 2024. Hakina mtu ndani. Kinakwenda Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Kitafika 2030."

"Kufuata nini mbali hivyo?"

"Mshtarii ina miezi yake inayoizunguka. Mmoja unaitwa Yuropa. Umefunikwa na barafu nene, na wanasayansi wanaamini chini yake kuna bahari ya maji ya chumvi. Chombo hakitatua. Kitapita karibu nao mara nyingi, kipige picha na kupima, tujue kama kiumbe chochote kinaweza kuishi humo."

"Na Munir anaingiaje?"

"Watu waliruhusiwa kuandikisha majina. Zaidi ya milioni mbili yamechorwa kwenye chipu ndogo sana ndani ya chombo. Huenda la Munir limo; mengine muulize Jannat."

Hamdiya alirudi, akaketi karibu na binti yake.

"Uliandikisha jina la baba?"

"Tuliandikisha pamoja, kwa simu yake, kabla hajaugua." Jannat aliinama. "Mama, I know amezikwa. Linalosafiri ni jina tu. Lakini wewe humtaji. Nikimtaja mimi, unatoka chumbani."

Hamdiya aliliweka daftari mezani. Siku zote alidhani kunyamaza kunamkinga mtoto.

"Nisamehe, mwanangu. Niliogopa kulia mbele yako."

Akalia mbele yake. Jannat akamshika mkono, naye akalia.

Mchana walikula pamoja. Hamdiya alisimulia jinsi Munir alivyoungua vidole akipika uji, siku Jannat alipozaliwa. Jannat alimaliza sahani yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi mingi. Akasogeza kiti karibu.

"Na siku ya pili," aliuliza, "alipika nini?"