Nilimpelekea Daktari Samaki wa Wifi Yangu

Nilikana kwa miaka mingi, hata mbele ya padri: nilitamani wifi yangu aonekane muuaji. Nilitamani hivyo binti yangu akiwa taabani kitandani... Leo nina miaka arobaini na minane, diploma ya chuo kikuu imetundikwa ukutani, na hasira yangu bado haijafika hata shule ya msingi. Nakiri.

Ilikuwa wakati Katanga ilipojitenga na Kongo. Wazazi wangu walitoka Kasai. Mume wangu, karani, alikuwa mtu wa Pweto, Mkatanga hasa. Siku zile jina la Kasai lilitosha kuchomewa nyumba! Dada yake mkubwa, Valentine, alikimbilia kwetu mjini, mtaa wa Kampemba, na vikapu vya samaki wakavu wa kuuza. Alikaa miezi minne. Aliniita "Mukasai yetu", kama mtu anavyomtaja mbwa wa nyumba.

Jumapili ya Komunyo ya kwanza ya binti yetu Odette, wifi alipika samaki wake. Mimi niliandaa viazi kwa mayoneze, kama masista walivyotufundisha sisi wake wa makarani: viini vibichi, mafuta, limau, kupiga bila kuchoka. Niliitengeneza Jumamosi. Umeme ulikatika kwa sababu ya vita, frigo ilikuwa kabati tu... lakini mke wa karani bila mayoneze, mbele ya wageni?

Wifi aliisukuma sahani. "Miye hapana kula pomade ya nywele, Mama Odette!" Wageni wakacheka.

Jumatatu asubuhi nyumba nzima ilishikwa. Homa, tumbo la kukata, kutapika, kuharisha maji matupu. Mume wangu alitambaa kwenda chooni! Odette alizidi: midomo mikavu, macho yameingia ndani, damu kwenye choo... Wifi peke yake alikuwa mzima. Alisimama mlangoni akapiga kelele: "Mukasai ametia ndugu yangu sumu! Bantu, mukuye muone!"

Mnajua neno hilo lilikuwa na uzito gani wakati ule? Vijana wenye fimbo walikusanyika hadi padri akawatawanya. Ukoo wa mume wangu ukasema nirudishwe kwa wazazi wangu, na Odette abaki kwao. Mwanangu! Nikaapa kumtafunisha wifi maneno yake, moja moja.

Hospitalini daktari alisema hashuku sumu, anashuku salmonella, kijidudu cha chakula. Lakini kwa macho hakijulikani: alichukua choo na damu ya Odette, vikaoteshwe maabara kwa siku kadhaa. Akamtundikia maji ya mshipa. Mimi na mume wangu tulipona kwa kunywa maji na kupumzika tu. Dawa ya kuua vijidudu alipewa Odette, kwa kuwa daktari aliogopa kijidudu kimeshaingia damuni. Kisha akaomba mabaki ya chakula.

Mabaki! Nilikimbia kama niliyeitwa harusini. Nilifunga kipande cha samaki wa wifi... na bakuli la mayoneze pia, makusudi, ili usafi wangu ung'ae kando ya uchafu wake. Nikawaambia wakubwa wa ukoo: chakula chochote kitakachoonekana na kijidudu, aliyekipika aondoke! Wakakubali. Waliouliza mbona wifi hakuumwa, niliwajibu kwamba mwenye kutia sumu haili. Majirani wakaacha kununua samaki wake. Nililala usingizi mtamu, mwanangu akiwa bado hospitalini!

Dada zangu, mayai mabichi yasilale bila baridi. Anayeharisha apewe maji upesi, na akiona damu akimbizwe hospitali. Na msimtafute mkosaji kabla ya ugonjwa kujulikana, maana mtampata yule mnayemchukia tayari. Nasema hivi, na Valentine bado sijamsamehe.

Wiki ilipotimia, Odette akiwa ameanza kula uji, ukoo ulikusanyika nyumbani kwa padri, penye telefone, kungoja majibu ya daktari. Ilipolia, nilinyakua mimi. Nyuma ya telefone kilining'inia kisikilizio cha pili, cha kusikiliza tu. Nikampa wifi.

"Shika, mulamu. Usikie kwa sikio lako mwenyewe."

Daktari alisema ni salmonella, si sumu. Nilimtazama wifi machoni, nikitabasamu.

"Samaki ni safi, madamu," sauti ikaendelea. "Kijidudu kimejaa kwenye mayoneze. Nani aliitengeneza?"

Wifi akainama, akausogeza mdomo wake karibu na wangu, penye kisemeo cha telefone.

"Iko hapa, dokta. Ndio yeye anashika telefone."