Bablishi Kwenye Sili

Jamani, mshawahi kupitwa na tairi lenu wenyewe?!

Mimi juzi nimepitwa. Nipo kwenye usukani, nimevuta trela la saruji, mara tairi hilooo... linanipita mbio, halina hata habari na mimi. Nikacheka. Nani huyo kapoteza tairi?

Kumbe mimi!!

Likaishia mtaroni. Shukuru Mungu halikumgusa mtu.

Nikachungulia habu, kile kitovu tairi linapofungwa. Mmh! Grisi yote imevuja, maji na mchanga vimeingia, beringi imeungua mpaka bluu. Nikachokoa sili, ule mpira wa kuzuia grisi isitoke. Umechanika! Na pale pa kuchanika pamezibwa na kitu... nikakivuta kwa kidole, kikanata.

Bablishi. Imetafunwa. Ina alama za magego!!

Nikafuta kidole kwenye suruali, wapi!

Matairi yale alifunga shemeji, mume wa dada. Na baba, mwenye karakana, alishamwambia: "Ukikosea mara moja tu, huna kazi."

Nikaingia karakana nimeishika ile sili kama panya aliyeoza.

"Shem, sili ziliisha ukaona utafune moja?!"

"Niliweka mpya."

"Mpya ina mate?"

Baba hakungoja. "Vua ovaroli. Sasa hivi!"

Dada akatoka stoo. "Baba, asubuhi nilikuona umechuchumaa kwenye tairi hilo na bisibisi. Ulikuwa unafanya nini?"

Baba akajikuna kisogo.

"Nilikuwa nahakikisha. Sikuamini kama kaweka grisi ya kutosha. Nikafungua nione, sili ikachanika."

"Si ungeniomba nyingine stoo?" dada akamuuliza.

"Niombe mimi? Mnicheke nimechana sili kama mwanafunzi?!"

Jamani, kidole changu! Mate ya baba mzazi! Nimenawa dizeli, nimenawa sabuni, bado kinanata!!

Ila kilichonitia kinyaa zaidi ni ule mdomo uliosema "vua ovaroli" huku ukijua.

"Na grisi uliikutaje, mzee?" shemeji akauliza.

Baba akatazama chini. "Imejaa. Mpaka ndani ya beringi."

Shemeji akavua ovaroli mwenyewe, akaikunja, akamkabidhi baba. Akatoka. Dada nyuma yake.

Wapendwa, sili ikishang'olewa hairudishwi, weka mpya. Na kabla hujamfokea mtu, uliza nani mwingine kashika bisibisi.

Nimemtumia shem meseji ya kuomba radhi.

Ameisoma...

Hajajibu.