Lualaba Iliyokauka Kiooni

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Hadidja na rafiki yake Kanku walishuka hadi ukingoni mwa Lualaba kusoma nguzo ya maji. Ilikuwa nguzo ya chuma yenye mistari myeupe, imesimikwa pale mitumbwi inapofungwa. Hadidja aliinama akasoma maji yamefika mstari gani, Kanku akaitaja namba hiyo kwa sauti, na njia nzima waliirudia kwa zamu ili isiwapotee. Namba ni kama maji ya kiganjani, ukicheka sana inamwagika. Wao walicheka vilevile, kwa sababu walipopanda mtaa wa Kasuku hawakuacha kutegeana vitendawili, wakipita katikati ya mama wauza mihogo na dagaa, hadi shule ya ufundi ya mji wao wa Kindu, ambako walijipanga kuimba mbele ya bendera pamoja na wengine.

Shule hiyo ilikuwa na kitu ambacho shule nyingi za Zaire hazikuwa nacho: kompyuta. Ilikuja kwa treni, imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga aliyetoka hospitali. Mwalimu Matata, aliyesomea mambo hayo Lubumbashi, ndiye aliyeitunza. Grupu la umeme, yaani jenereta, liliwashwa tangu asubuhi, na mchana aliwakusanya wanafunzi wachache waliojitolea, akawafundisha kuiamrisha mashine.

Kiini cha kazi yote alikuwa amekiandika yeye mwenyewe. Kiini ni programu mama. Programu nyingine zote zinakaa chini yake, naye anazigawia nafasi na zamu, kama mama mwenye sufuria moja na watoto wengi. Watoto hao wa sufuria waliandikwa na wanafunzi. Hadidja aliandika programu ya kengele za masomo. Kanku aliandika ile inayoonyesha maandishi kwenye kioo cha mashine. Waziri, mvulana mrefu asiyekosa neno, aliandika ile inayopokea vibonye, herufi na namba mtu anazobonyeza. Na kazi yao kubwa ilikuwa moja: kuiingiza ile namba ya asubuhi na kuonyesha urefu wa mto kiooni, dirishani, ili watu wanaokaa bondeni wajue kama usiku huo walale au wahamishe vitanda.

Basi juma lile mashine ikaanza kusema uongo. Asubuhi ilionyesha namba sawa. Kengele ya mwisho ya mchana ikishalia, kioo kiliandika sifuri. Lualaba, mto unaobeba meli, ulikuwa umekauka.

Watu walicheka hadi sokoni. Waziri aliingia darasani akatangaza kwamba wapiga makasia wameuliza kama sasa wavuke kwa miguu. Lakini Mwalimu Matata hakucheka. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mji, wakaguzi wa shule walikuwa wanakuja. Kulikuwa na shule huko Bukavu iliyokuwa ikiitamani ile mashine, na wakaguzi walikwisha kusema wazi: ikiwa Kindu haijui kuitumia, itafungwa blanketi tena ipelekwe huko.

Hadidja aliposikia hivyo alisogea karibu na mashine. Alikuwa ameipenda mashine ile kuliko nguo ya sikukuu. Akatazama kioo, akatazama nani anakiandikia, akatoa hukumu mbele ya wote.

"Mkono wa Kanku njo unaandika kiooni," alisema, kwa ile "njo" ya Kindu iliyo "ndio" ya pwani. "Sifuri inatoka kwake. Nani mwingine?"

"Mimi ninaisoma tu ile namba na kuionyesha," Kanku alijibu. "Siibadilishi."

Waziri akachomekea kwamba watu waliokuja na treni kutoka Kasai wana haraka, wanaandika kabla ya kufikiri. Baba yake Kanku alikuwa fundi wa reli aliyetoka huko, na neno lile lilimwingia msichana kama mwiba wa mchikichi. Akainuka, akahamia benchi la nyuma. Waziri alitaka programu ya Kanku itolewe, na mwenyewe asiwepo Jumamosi. Mwalimu Matata akakataa: mtu hatolewi mpaka mkono wake ushikwe ndani ya chungu.

"Na tutaushika namna gani, mwalimu?" Hadidja aliuliza.

Ndipo alipowaonyesha walinzi. Alieleza kwamba mtu anaweza kusimamisha programu kwa kuchora alama ndani yake, kama kuweka jiwe njiani, lakini jiwe hilo linamkwaza tu anayepita njia hiyo. Walinzi ni kitu kingine. Wamo ndani ya kile kipande kidogo cheusi kilicho kichwa cha mashine, wamezaliwa nacho, nao ni wanne tu. Hakuna wa tano, hata ulie. Mlinzi mmoja unaweza kumwambia asimamishe mashine mtu akikanyaga hatua fulani ya programu. Au unaweza kumwambia akae mlangoni mwa chumba fulani cha kumbukumbu, asimamishe mashine mtu akiandika humo ndani, awe nani awaye. Kwa kuwa ni wachache, kiini njo kinawagawa. Unaomba, unapewa, ukimaliza unarudisha. Wakiisha, kiini kinakujibu kwamba walinzi wamekwisha.

Hadidja hakungoja asikie mara mbili. Aliomba walinzi watatu akawaweka wote kwenye hatua za programu ya Kanku: mmoja mwanzoni, mmoja katikati, mmoja mwishoni. Mchana kutwa mashine ilisimama, ikaendelea, ikasimama. Kila iliposimama walichungulia, wakaona programu ya Kanku inasoma namba na kuionyesha, kama alivyosema. Kisha kengele ya mwisho ikalia, na sifuri ikatokea. Hadidja akasema labda Kanku anafanya ujanja mahali ambapo mlinzi hajawekwa.

Kesho yake Kanku hakuja mtoni. Hadidja alisoma nguzo peke yake, akaitaja namba peke yake, na njiani akajikuta ametega kitendawili pasipo mtu wa kukijibu.

Mchana wa siku hiyo grupu halikuwa na mafuta. Hadidja akaenda shambani kwa bibi yake, njia ya kwenda Kailo, ambako mpunga ulikuwa umeanza kukomaa. Wakati huo watoto wa Kindu wanaujua: ni wakati wa kukaa kwenye kichanja na kufukuza ndege. Alimkuta mdogo wake Sudi ameshika manati, ameacha shamba, anawawinda ndege miguuni mwa mti ambako wana viota. Nyuma yake kundi jingine lilikuwa limetua, na panya wamekuja mchana kweupe, wanakula kwa raha.

Bibi Halima alimwita Sudi, akamuuliza anafanya nini.

"Ninawalinda wezi, bibi. Nyumba yao iko hapa juu."

"Wewe umewajuaje wezi kabla hawajaiba?" bibi alisema. "Rudi kwenye mpunga. Mlinzi anakaa penye mali. Akija ndege utamwona, akija panya utamwona, akija mbuzi wa jirani utamwona. Ukikaa chini ya mti, utamwona ndege tu, na utasema ndege njo amekula kila kitu."

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendawili, alimtegea Hadidja: walinzi wawili wameuona mji mzima, nyumba yao wenyewe hawajaiona. Hadidja alijibu kwamba ni macho, akajibu haraka bila kukitafuna. Maana mawazo yake yalikuwa yamekwisha kurudi shule. Kilichokuwa kinaliwa si programu ya Kanku. Kilichokuwa kinaliwa ni namba ya mto, na namba ya mto ina chumba chake. Kwa nini hakumweka mlinzi hapo?

Mchana uliofuata mafuta yalipatikana. Hadidja aliketi mbele ya mashine, akaomba mlinzi mmoja kwa chumba cha mto. Kiini kikajibu kwamba walinzi wamekwisha. Akajiona mjinga: watatu walikuwa wake, bado wamesimama njiani kwa Kanku bila kazi. Na wa nne je? Kiini kinakumbuka nani ameomba, hata umeme ukizimika, nacho kikaonyesha jina la Waziri, aliyemchukua kwa programu yake ya vibonye siku ile walipoonyeshwa walinzi, akamsahau. Waziri alijitetea kwamba alidhani mlinzi akimaliza kazi hurudi mwenyewe. Hadidja akawarudisha watatu wake kwanza. Waziri, akiona haya, akamrudisha wake bila kuombwa.

Mlinzi mmoja akawekwa mlangoni mwa chumba cha mto. Wakangoja. Kanku alikuwa amekuja, amekaa benchi la nyuma, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Kabla ya kengele ya mwisho grupu likaanza kukohoa. Mwalimu Matata na Waziri wakatoka mbio kulitazama.

Kengele ya mwisho ikalia. Na mashine ikasimama.

Kioo kilionyesha hatua ya programu iliyoshikwa na mkono wake ndani ya chumba. Hadidja aliisoma. Akaisoma tena, kidole juu ya kioo. Hatua ile aliijua kama anavyoijua sauti ya mama yake. Ilikuwa hatua ya kengele. Ilikuwa yake.

Mara moja alielewa yote. Kengele za siku zilikuwa saba, zina vyumba saba vilivyopangana. Chumba kinachofuata ni cha mto. Kengele ya mwisho ikishalia, programu yake ilikuwa inafagia vyumba vyote, inavijaza sifuri, tayari kwa siku mpya. Lakini yeye alikosea kuhesabu, akaiamuru ifagie vyumba vinane. Kila mchana ufagio wake ulivuka ukuta, ukaingia kwa jirani, ukaukausha mto.

Hakuna aliyekuwa ameona. Kanku, kutoka kule nyuma, hakuweza kusoma kioo. Palikuwa na kibonye kimoja tu: akikibonyeza, mashine ingeendelea, hatua ile ingepotea, naye angerekebisha ile nane kimyakimya iwe saba. Mto ungepona na mashine ingebaki Kindu. Watu wangesema Hadidja ameponya kosa la Kanku.

Kidole chake kilikuwa juu ya kibonye. Akageuka, akamwona Kanku anatazama sakafu. Akakiondoa.

Mwalimu Matata aliporudi, akipangusa mafuta mikononi, Hadidja alisimama mbele ya kioo.

"Mwalimu, tumemshika," alisema. "Ni mimi. Ni programu yangu ya kengele. Kanku hakufanya kitu."

Waziri alisogea kumpisha. Hadidja alikwenda hadi benchi la nyuma. Alimwomba Kanku msamaha mbele ya wote, kama alivyomshitaki mbele ya wote, kwa kuwa alijua kwamba tusi la barazani halifutwi chumbani. Kanku aliinuka benchini.

"Ungeniuliza tu, dada," alisema. "Tungetafuta pamoja. Sasa sogea, niione hiyo nane yako."

Wakaigeuza wawili ikawa saba. Mwalimu Matata hakuwaruhusu kufurahi bado. Alimwambia Kanku amwache mlinzi palepale, waipitishe siku nzima ya uongo, kengele kwa kengele. Kengele ya mwisho ikalia. Mlinzi hakusimamisha kitu, kwa kuwa hakuna aliyegusa. Namba ya mto ilikaa kiooni, imara kama nguzo yenyewe. Kanku akamrudisha mlinzi kwa kiini, na wote wanne wakawa huru tena.

Jumamosi, salongo ilipokwisha, wakaguzi walifika na gari, na nyuma ya gari lao sanduku kubwa la mbao, tupu. Wanafunzi waliliona wakaelewa limekuja kubeba nini. Mkaguzi mkubwa aliingia akasema amesikia kwamba katika shule hii Lualaba ina kiangazi chake. Mwalimu Matata hakubishana. Aliwasha mashine, akawaachia wasichana wawili waieleze.

Mkaguzi aliamuru kengele ya mwisho ilie. Ikalia. Akaangalia kioo kwa muda mrefu. Namba haikusogea. Akaamuru ilizwe tena, na tena. Namba haikusogea. Hapo akavaa kofia yake, akasema, "Twendeni mtoni."

Walishuka wote, wakaguzi na walimu na shule nzima, na mama wa soko wakafuata wajue kuna nini. Mkaguzi mwenyewe aliingia kwenye matope na viatu vyake vizuri, akainama mbele ya nguzo, akaitaja namba kwa sauti kubwa. Ilikuwa ileile ya kiooni.

Vigelegele vilipaa toka ukingoni hadi upande wa pili. Wapiga makasia walipiga mbavu za mitumbwi kama ngoma, na Waziri akatangaza, bila mtu kumuuliza, kwamba kwa sasa watu waendelee kuvuka kwa mitumbwi. Hata mkaguzi alicheka. Aliuliza kosa lilikuwa nini, na kabla mwalimu hajajibu Hadidja alimweleza: vyumba saba, ufagio wa nane, na mwenye ufagio. Mkaguzi akamtazama mwalimu. Akasema mashine itabaki Kindu, kwa kuwa shule yenye mtoto wa kusema "ni mimi" inaweza kuachiwa kitu cha thamani. Gari lao liliondoka, na lile sanduku likigongagonga nyuma, tupu kama lilivyokuja.

Walipokuwa wanapanda kurudi shule, Mwalimu Matata alisimama kwenye mteremko, akangoja wote wafike.

"Mumeona wenyewe," alisema. "Walinzi walikuwa wazuri tangu siku ya kwanza. Sisi njo tuliwaweka pabaya, kwa sababu tulimchagua mwizi kwanza, kisha tukatafuta kosa lake. Musimlinde mutu munayemshuku. Lindeni kile kinachoharibika, na muwe tayari kumpokea yeyote atakayeshikwa. Siku nyingine mutakayemshika atakuwa na uso wako mwenyewe. Siku hiyo usibonyeze kitu. Simama, useme. Aliyesema amekwisha kutengeneza nusu ya kazi, na nusu iliyobaki rafiki atamsaidia."